Maumivu yameisha, mguu bado

Makonda wa daladala hawanipendi. Nashuka taratibu mno, na siku zote nasubiri gari lisimame kabisa. Wao wana haraka ya kuwahi kituo kinachofuata, hivyo hunihimiza: “Mama, tanguliza mguu wa kushoto!” Hawajui kwamba huo wa kushoto ndio nisiouamini. Niliuharibu nikiwa kidato cha pili, kwenye uwanja wa mpira wa pete, na tangu hapo hunigeuka bila taarifa: kwenye ngazi, kwenye kokoto, na mara moja kwenye zulia la harusi ya watu, mbele ya kamera.

Nilikuwa mlinzi. Niliruka kudaka pasi, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, unyayo ukapinduka kwa ndani. Nilisikia kitu kikilia “ta!” kama kijiti kikavu. Jioni kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi. Nikakandwa kwa maji ya moto yenye chumvi, nikachuliwa kwa mafuta huku nimeuma upindo wa kanga nisipige kelele. Siku ya tano maumivu yalipungua. Siku ya nane nikarudishwa uwanjani, maana Jumamosi ile ndiyo iliyokuwa ya kuchagua timu ya wilaya. Nilishangiliwa nilipoingia nikichechemea kidogo. Kabla ya filimbi ya mwisho mguu ukapinduka tena, na safari hii hapakuwa na mtu karibu yangu wala shimo uwanjani.

Simlaumu mwalimu aliyenirudisha. Alitumia kipimo alichokuwa nacho, ambacho ndicho kipimo cha nchi nzima mpaka leo: “Bado unauma?” Ukijibu hauumi, umepona.

Wiki sita zilizopita binti yangu wa miaka 14 aliteguka enka katika mchezo uleule. Baada ya siku kumi mwalimu wake wa michezo akanipigia simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwalimu, habari za kazi?”

“Nzuri mama. Naona mtoto anatembea vizuri sasa. Tunamhitaji Jumamosi.”

Nikamuuliza kama anaweza kuruka kwa mguu mmoja. “Mguu upi mama?” Ule ulioteguka, mwalimu. Simu ikanyamaza kidogo, kisha akasema kweli hajamjaribu.

Ndilo jambo ninalotaka kulisema leo. Maumivu kuondoka na mguu kupona ni mambo mawili, na kati ya moja na jingine pana wiki kadhaa za kazi. Kazi hiyo haihitaji mashine wala pesa nyingi, na ndiyo tunayoiruka shuleni, mitaani na hata katika klabu zinazojiita akademi.

Kifundo cha mguu kimejengwa kama mlango wenye miimo miwili. Muundi uko upande wa ndani, mfupa mwembamba uko nje, na kati yao umechomekwa mfupa unaobeba uzito na kuupeleka kwenye wayo. Mwimo wa nje umeshuka chini kuliko wa ndani, ndiyo maana unyayo hupinduka kuelekea ndani kwa urahisi kuliko kuelekea nje. Upande huo wa nje umeshikwa na kano tatu, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, ambazo madaktari huziita ligamenti. Ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtu akitua huku vidole vimeelekea chini na unyayo ukalala kwa ndani, hiyo ndiyo hutangulia kuchanika.

Mpira wa pete unakitesa kifundo hiki kwa sheria zake zenyewe. Hakuna kukimbia ukidundadunda mpira kama kwenye kikapu. Ukidaka ukiwa mbioni, mguu uliotangulia kutua ukishaunyanyua hauruhusiwi kuurudisha chini kabla hujautoa mpira, na unazo sekunde 3 tu za kuutoa. Kwa hiyo msichana anayekuja kwa kasi hulazimika kufunga breki papo hapo, mara nyingi juu ya mguu mmoja, huku akigeuza kiwiliwili kutafuta wa kumpasia. Na wengi wa hawa wasichana wanacheza peku, au kwa raba zilizoisha kisigino, juu ya udongo uliokauka ukapasuka.

Sasa, kano hazikuwekwa pale kufunga mifupa tu. Ndani yake mna ncha za neva zinazoupelekea ubongo habari wakati wote: unyayo umeelekea wapi, umelala kiasi gani, uzito uko upande gani. Habari ikifika, misuli ya ubavu wa nje wa mguu hukaza na kuurudisha unyayo mahali pake kabla haujapinduka. Wewe mwenyewe hujui kama umeokolewa. Mara ngapi umekanyaga ukingo wa shimo ukayumba tu na kuendelea na safari?

Kano ikichanika, mawasiliano hayo nayo huharibika. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa London, Michael Freeman, alichapisha kazi iliyosema kwamba mguu unaogeukageuka baada ya kuteguka huwa umepoteza uwezo huo wa kujitambua ulivyokaa, na kwamba dawa yake ni kuufundisha upya. Wagonjwa wake aliwasimamisha kwa mguu mmoja juu ya vibao vinavyoyumba. Wataalamu waliokuja baadaye wamebishana naye katika mengi, lakini zoezi lile halijaachwa mpaka leo. Mimi huwaeleza wanangu hivi: mwizi alibomoa ukuta na akaua mbwa. Ukuta umeshajengwa, unapendeza kwa nje, uvimbe hakuna. Mbwa wa kubweka ndiye hayupo.

Ndiyo sababu mtu aliyewahi kuteguka yuko katika hatari kubwa ya kuteguka tena, na kati ya wanaoteguka mara ya kwanza, ufuatiliaji wa mwaka mzima umewahi kuonyesha hadi asilimia 40 wakibaki na mguu usiotulia. Baada ya miaka mingi ya kugeuka, gegedu la ndani ya kiungo nalo huanza kulika. Sehemu kubwa ya watu wenye ugonjwa wa kulika kwa kiungo cha kifundo wamewahi kuumia hapo zamani. Nyonga na goti huchakaa kwa umri, lakini kifundo mara nyingi huchakaa kwa sababu ya ajali ya ujanani.

Kwa watoto kuna la ziada. Mfupa unaokua una tabaka la gegedu karibu na ncha yake, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Kabla tabaka hilo halijafunga, jambo ambalo kwa wasichana hutokea mapema kuliko kwa wavulana, laweza kuwa dhaifu kuliko kano iliyo pembeni yake. Nguvu ambayo kwa kaka mtu mzima ingechana kano, kwa mdogo wake inaweza kupasua mfupa. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu wa kunyoosha mishipa, ni lazima kujua kama mfupa ni mzima.

Hapa tuna bahati, kwa sababu kuna njia ambayo hata mwalimu wa michezo wa shule ya kata anaweza kuikumbuka. Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni za kuamua nani apigwe picha ya eksirei na nani asipigwe. Bonyeza kwa kidole nundu mbili za kifundo, ya nje na ya ndani, kwenye ncha na kwenye ukingo wa nyuma kwa kupanda kama sentimita 6. Bonyeza pia mfupa unaochomoza katikati ya ubavu wa nje wa wayo, na ule wa upande wa ndani mbele kidogo ya kifundo. Akiruka kwa maumivu ya mfupa wenyewe, apelekwe akapigwe picha. Aidha, kama hakuweza kutembea hatua nne pale alipoumia, hata kwa kuchechemea, na alipofika hospitali bado hawezi, apigwe picha. Kanuni hizi zimejaribiwa hata kwa watoto wa umri wa shule. Kwa wale wadogo kabisa, wasioweza kueleza wanaumia wapi, usibahatishe. Na mguu uliopinda, uliokufa ganzi au uliopauka rangi hauhitaji kanuni yoyote, ni safari ya hospitali.

Kama mfupa ni mzima, tunarudi nyumbani, na nyumbani ndipo mabishano yanapoanzia.

Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, aliamini katika maji ya moto. Jirani yangu anaamini katika mafuta ya mnyama fulani ambaye simtaji. Wote wanakusudia mema, na mchua misuli mwenye mkono mwepesi ni mtu wa kuheshimiwa katika timu. Lakini siku mbili tatu za mwanzo mishipa midogo ya damu ndani ya kifundo imepasuka, na joto pamoja na kuchua kwa nguvu huiongezea kuvuja. Mtoto anahitaji kupumzisha mguu, kufungwa bandeji ya kuvutika isiyobana vidole, na kuuweka mguu kwenye mto, juu kuliko usawa wa moyo. Barafu husaidia maumivu. Funga kwenye kitambaa zile barafu za vifuko zinazouzwa dukani, weka dakika 10 au 15, toa. Usidhani kwamba ndiyo inayoponya. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, ambaye kitabu chake cha 1978 ndicho kilichoeneza agizo la pumzika, barafu, bandeji na inua, alijirekebisha mwenyewe zaidi ya miaka 30 baadaye akisema barafu na kupumzika kupita kiasi vinaweza kuchelewesha uponaji. Napenda watu wazima wanaoweza kusema walikosea.

Kosa la upande wa pili ni la wale wanaotaka hogo. Mguu uliochanika vibaya sana unaweza kufaidika na siku chache za plasta ngumu au kiatu maalumu. Lakini kumfunga mtoto mwezi mzima kwa kuteguka kwa kawaida ni kumpunguzia misuli na kumkakamaza kiungo. Akilitoa hogo atakuwa na kigimbi kimoja kikubwa na kimoja kidogo, na ile kazi ya kumfufua mbwa haijaanza hata kidogo.

Niruhusuni nieleze tulivyofanya nyumbani, baada ya mtaalamu wa tiba ya viungo kumwona mara mbili na kutupa ratiba. Siku za mwanzo, mguu ukiwa juu ya mto, nilimwambia aandike jina lake hewani kwa kidole gumba cha mguu. Alipochoka na jina lake aliandika majina ya wanamuziki, na mengine sikuyauliza. Hiyo ni kukirudishia kifundo mizunguko yake. Kutembea alianza mapema, kadiri alivyoweza kuvumilia, kwa hatua za kawaida, maana kuchechemea nako ni tabia, na mwili huizoea.

Wiki ya pili tulikwenda kwa fundi baiskeli tukaomba kipande cha tyubu kuukuu. Tukafunga ncha moja kwenye mguu wa meza, nyingine tukaizungusha kwenye wayo, naye akawa anauvuta unyayo kwenda nje, pole pole, mara 15, anapumzika, anarudia. Misuli ile ya ubavu wa nje ndiyo inayotakiwa kuamka. Kisha kunyanyua visigino akiwa ameshika ukuta, kwanza kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja.

Halafu likaja lile ambalo ningetamani mtu angenifundisha mimi: kusimama kwa mguu mmoja. Tulilifungamanisha na kupiga mswaki, asubuhi na usiku, ili lisisahaulike. Siku ya kwanza alishindwa sekunde 10, na hakuamini, kwa sababu maumivu hayakuwapo. “Mama, mbona unatetemeka wenyewe?” Akauangalia ule mguu kama wa mtu mwingine. Siku hiyo alielewa kwa nini sikumruhusu ile Jumamosi. Aliposimama imara tukamfumbisha macho. Alipoweza, tukamsimamisha juu ya mto wa kitanda, kisha kaka yake akawa anamrushia mpira huku amesimama hivyohivyo. Kaka mtu alifurahia kazi hii kuliko inavyostahili.

Huu si ubunifu wa nyumbani kwangu. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wanamichezo 522 waliokuwa wamepona kuteguka kifundo. Nusu yao walipewa mazoezi ya mizani ya kufanya wenyewe nyumbani kwa wiki 8. Katika mwaka mmoja, walioteguka tena kati ya waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 22, na kati ya wasiofanya asilimia 33. Miaka mitatu kabla, huko Wisconsin, Marekani, vijana 765 wa sekondari wanaocheza soka na kikapu walifuatiliwa: waliofanya mazoezi ya mizani waliteguka kwa asilimia 6.1, wengine asilimia 9.9. Hakuna muujiza hapo. Wapo wanaofanya kila kitu na bado wanateguka. Lakini sijui mafuta ya mnyama yeyote yenye takwimu kama hizo.

Nasikia mwalimu akiniambia: mama, mimi nina watoto 60, mpira mmoja na filimbi. Namwelewa. Michuano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, huchezwa kwa siku chache, mechi juu ya mechi, na mwalimu anapimwa kwa kombe. Ila kusimama kwa mguu mmoja hakuhitaji mpira. Programu ya kupasha mwili ya FIFA inayoitwa 11+, ambayo inakamilika kwa dakika 20 hivi, ina zoezi hili ndani yake pamoja na kuruka na kutua kwa magoti yaliyolegea, na timu nzima hufanya kwa pamoja. Badala ya kuwazungusha uwanja mara tano huku nyuma wanapiga soga, wasimame wawili wawili, mguu mmoja, wasukumane mabega kidogo. Watacheka, na vifundo vitajifunza.

Ushujaa nao tuuangalie upya. Tunampenda sana mchezaji anayecheza na maumivu. Wazee wa soka wanamkumbuka Marco van Basten. Aliumia kifundo akiwa Ajax, Desemba 1986, akaendelea kuchezeshwa, na Mei 1987 mjini Athens akafunga kwa kichwa bao pekee la fainali ya Kombe la Washindi. Lilikuwa bao zuri. Upasuaji ukafuata, mmoja baada ya mwingine. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Mei 1993, akiwa Milan na umri wa miaka 28. Miaka miwili baadaye alitangaza kustaafu bila kucheza tena, na mwishowe kifundo chake kiliunganishwa mifupa kisikunjike kabisa. Huyo alikuwa na madaktari wa Ajax na wa Milan. Mtoto wa kidato cha pili wa shule ya kata ana nani?

Ana sisi. Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandaa michuano ya shule: mchezaji aliyeteguka asirudi kwa neno la mdomo. Ajaribiwe mbele ya mwalimu na mzazi au mlezi wa timu. Anyanyue kisigino cha mguu ulioumia mara zilezile anazoweza kwa mguu mzima. Aruke kwa mguu mmoja kwenda mbele, upimwe umbali kwa futi kamba, na mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Akimbie kwa kukata kona, kulia na kushoto, bila kusita. Afanye mazoezi kamili na wenzake, kisha ndipo apewe jezi. Mwanzoni afungwe plasta ya kunata au avae kifunga kifundo, kwa kuwa vinapunguza kuteguka upya kwa aliyewahi kuumia. Chuo cha Malya kinachofundisha watu wa michezo, na vyuo vya ualimu vyote, vikiingiza somo hili kwa siku mbili tu, litafika hadi kwenye kata.

Na kwa wazazi wenzangu, hasa wenye mabinti: msitumie enka kama kisingizio. Najua nyumba ambazo mtoto wa kiume akiteguka huambiwa apumzike wiki mbili, wa kike akiteguka huambiwa mpira basi, akapike. Mguu wa msichana unapona sawasawa na wa kaka yake, na unastahili kurudi kwenye mchezo ukishapona vizuri.

Jana jioni tulipima tena, uani, kwa futi kamba ya fundi cherehani. Mguu mzima uliruka sentimita 120. Ulioteguka uliruka 101. Tunatafuta 108. Amenuna, na chakula cha usiku alikula kimya. Jumamosi hii hachezi, mwalimu wake nimeshamwambia.